Benjamin Boukpeti, mpiga kayaki aliyeletea Togo medali ya kwanza ya Olimpiki

Kila Olimpiki ikiisha, watu wa kwetu wanauliza swali moja: na sisi je? Inchi yetu ilishiriki mara ya kwanza mwaka wa 1968 kule Mexico. Ikarudi 1984, na toka hapo haijakosa. Lakini mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024, hatujaleta nyumbani hata medali moja, hata ile ya shaba ambayo ni ya mwisho.

Kuna inchi nyingine ya Afrika iliyokuwa na swali hilohilo. Ni Togo, kule Afrika ya magharibi. Togo nzima ni ndogo kuliko jimbo letu la Kivu ya Kaskazini. Yenyewe ilianza Olimpiki mwaka wa 1972, ku Munich, Ujerumani, na ikakaa miaka mingi bila kupata kitu. Halafu tarehe 12 mwezi wa nane 2008, ku Beijing, medali ikafika. Watogo walikuwa wanaishi na mpira wa miguu. Timu yao ilikuwa imecheza Kombe la Dunia la 2006, na Emmanuel Adebayor alikuwa anajulikana dunia nzima. Lakini medali haikutoka kwa mpira, wala kwa mbio, wala kwa ngumi. Ilitoka kwa kayaki, ule mtumbwi mdogo wa mtu mmoja, kwenye maji yenye kasi.

Aliyeileta anaitwa Benjamin Boukpeti. Katika ukurasa huu tunaeleza maisha yake ya mchezo, mchezo wenyewe unavyokwenda, na kwa nini habari yake inatuhusu sisi tunaokaa karibu na Kivu, Tanganyika na mto Kongo.

Slalomu ya kayaki ni mchezo gani?

Tuanze na mchezo, juu ya wengi wetu hatujauona. Ulianzia Uswisi miaka ya 1930. Watu wa kule walikuwa na mchezo wa kuteremka mlima wenye theluji wakipita kati ya fimbo, unaoitwa slalomu. Wakati theluji haiko, wakaona wafanye vilevile ndani ya mto. Njo maana jina ni lile lile.

Juu ya maji wananing'iniza fimbo mbilimbili kwenye kamba au waya. Kila fimbo mbili ni mlango mmoja. Milango ni kati ya 18 na 25. Ile yenye rangi ya kijani na nyeupe unaipita ukishuka na maji. Ile yenye rangi nyekundu na nyeupe unaipita ukipanda, maana yake unageuza mtumbwi na kurudi kinyume cha maji. Hiyo ya kupanda ni michache, lakini ni pale watu wengi wanapoteza muda na nguvu.

Mshindi ni yule anayemaliza kwa muda mfupi zaidi. Ukigusa fimbo, hata kwa bega au kwa ncha ya kasia, wanakuongezea sekunde 2. Ukiruka mlango au ukiupita vibaya, wanakuongezea sekunde 50, na hapo umeshamaliza kazi. Kwa hiyo si mwenye nguvu nyingi tu anayeshinda. Lazima usome maji: wapi yanasukuma, wapi yanatulia nyuma ya jiwe, wapi yanarudi nyuma. Mvuvi yeyote wa Kisangani anajua jambo hilo bila kufundishwa shuleni.

Vyombo ni vya aina mbili. Katika kayaki, mtu anakaa miguu mbele na kasia lake lina bapa pande zote mbili. Katika kanoe, mtu anapiga magoti na kasia lina bapa upande mmoja tu, karibu sawa na lile la pirogi zetu. Boukpeti alikuwa mtu wa kayaki. Chombo chake kina urefu wa mita tatu na nusu hivi na uzito wa kilo 9 hivi, maana yake mtu mmoja anakibeba begani bila shida. Kitambaa kigumu kinamfunga kiunoni ili maji yasiingie. Akipinduka, hatoki inje: anajigeuza kwa kasia na kurudi juu, safari inaendelea. Na hakuna anayeruhusiwa kuingia majini bila kofia ngumu na jile ya kuelea. Hilo mulikumbuke, tutalirudilia chini.

Mtoto wa baba Mtogo na mama Mfaransa

Boukpeti alizaliwa mwaka wa 1981 ku Lagny-sur-Marne, mji mdogo karibu na Paris, pembeni ya mto Marne. Baba yake ni Mtogo, mama yake ni Mfaransa. Alikulia Ufaransa, na mchezo alijifunzia kule. Wakati wa Beijing alikuwa anaishi na kufanya mazoezi ku Toulouse, mji wa kusini mwa Ufaransa unaopitiwa na mto Garonne.

Togo yenyewe alikuwa hajaizoea. Wakati wa medali, magazeti ya dunia yaliandika kwamba alikuwa amefika kule mara moja tu, akiwa mtoto. Jambo hilo lilifanya watu wengine wainue nyusi. Tutalizungumzia pia.

Kwa nini alipigania bendera ya Togo?

Ili kuelewa, angalieni hesabu ya Ufaransa wakati ule. Katika Olimpiki ya Athens ya 2004, kila inchi iliweza kupeleka hata watu wawili katika kayaki ya wanaume. Wafaransa wakapeleka wawili, na wote wawili wakapata medali: Benoît Peschier dhahabu, Fabien Lefèvre shaba. Katikati yao aliingia Mwingereza mmoja tu, Campbell Walsh. Kwa Olimpiki ya 2008 sheria ikabana zaidi: mtu mmoja tu kwa kila inchi. Maana yake Mfaransa wa pili, hata akiwa bora kuliko mabingwa wa inchi kumi zingine, alibaki nyumbani akiangalia televisheni.

Sheria za Olimpiki zinasema hivi: mchezaji lazima awe raia wa inchi anayoiwakilisha. Mwenye uraia wa inchi mbili anachagua moja. Akishaiwakilisha inchi moja katika mashindano makubwa na akitaka kuhamia nyingine, kwa kawaida anangoja miaka mitatu, isipokuwa wakubwa wa mchezo na wa inchi zote mbili wakubaliane kupunguza. Boukpeti, kwa njia ya baba, alikuwa na mlango wa Togo. Akaupita.

Wengine watasema: alikwenda Togo kutafuta nafasi. Hata kama ni hivyo, nafasi haikupigii kasia. Togo haikuwa na njia ya slalomu ya kimataifa, haikuwa na sifa katika mchezo huo, na ku Beijing hakuna aliyemhesabu katika watu wa kuogopwa. Kusimama pale na bendera ambayo watu wengi wa mchezo hawakuwa wameizoea, hiyo nayo ni kazi.

Athens 2004: kujifunza

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Athens, mwaka wa 2004, akiwa na miaka 23. Maji ya kule yalikuwa ya namna yake: njia ilijengwa karibu na bahari na walitumia maji ya chumvi. Boukpeti alifika nusu-fainali, hakuenda mbali zaidi. Kwa Togo hakukuwa na kelele. Kwa yeye mwenyewe ilikuwa shule. Alirudi mazoezini miaka minne mingine, na mtu wa mchezo anajua miaka minne ni asubuhi ngapi za maji baridi.

Beijing 2008: siku ya tarehe 12

Ku Beijing, mashindano yalifanyika Shunyi, pembeni ya mji. Njia ile haikuwa mto wa Mungu. Ni mfereji wa saruji ambamo mashine zinasukuma maji yapande juu, kisha yateremke kwa nguvu kati ya vizuizi.

Wakati ule fainali ilihesabiwa kwa kujumlisha: muda wa nusu-fainali pamoja na muda wa fainali. Kwa hiyo ukikosea mara moja, hauna pa kurekebishia. Boukpeti akafanya nusu-fainali ya ajabu: alimaliza akiongoza wote. Mtogo mbele ya Wajerumani, Wafaransa, Waitaliano na Waslovenia, watu ambao mchezo huu umekaa kwao toka kwa mababu.

Ikabaki fainali. Katika slalomu, aliyeongoza nusu-fainali anaingia majini wa mwisho. Anakaa juu, anangoja, wenzake wanashuka mmoja mmoja, na anasikia kelele za watu bila kujua hesabu inakwendaje. Ni kama mpigaji wa mwisho wa penati, lakini hapa maji pia yanakusukuma.

Alipomaliza, ubao ulionyesha hivi:

Wa kwanza: Alexander Grimm, Ujerumani, sekunde 171.70.
Wa pili: Fabien Lefèvre, Ufaransa, sekunde 173.30.
Wa tatu: Benjamin Boukpeti, Togo, sekunde 173.45.

Tuangalie namba hizo pole pole. Kati ya Boukpeti na medali ya fedha kulikuwa sekunde 0.15. Ukipepesa jicho, zimeshapita. Kati yake na dhahabu kulikuwa sekunde 1.75, pungufu ya adhabu ya kugusa fimbo mara moja. Na aliyemtangulia kwa sekunde hizo 0.15 ni Lefèvre, yule yule aliyebeba nafasi moja ya Ufaransa. Kama Boukpeti angekuwa anangoja nafasi ya Ufaransa, tarehe 12 ile asingekuwa majini.

Mtu mwingine angelia kwa kukosa dhahabu baada ya kuongoza. Yeye alishika kasia lake akalivunja vipande viwili, palepale ndani ya kayaki, kwa furaha. Picha hiyo ndiyo ilizunguka dunia. Watu wengi waliokuwa hawajawahi kusikia slalomu waliijua siku hiyo kwa sababu ya kasia lililovunjika.

Ili muone mchezo huu hauna huruma: katika Beijing hiyohiyo, Tony Estanguet wa Ufaransa, mtu wa kanoe, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 2000 na wa 2004, na ndiye aliyebeba bendera ya Ufaransa siku ya ufunguzi. Alishindwa kufika hata fainali. Alilazimika kungoja mpaka London 2012 ili apate dhahabu yake ya tatu. Huyo ndiye baadaye aliongoza kamati ya kutayarisha Olimpiki ya Paris ya 2024. Bingwa kama huyo alibaki inje, na Mtogo asiyehesabiwa akapanda jukwaani.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Slalomu iliingia Olimpiki mara ya kwanza mwaka wa 1972, na mbio zilifanyika Augsburg, mji ulio karibu na Munich. Ni Olimpiki ileile ambayo Togo ilishiriki kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo slalomu iliondolewa, ikarudi mwaka wa 1992 ku Barcelona. Na Alexander Grimm, aliyeshinda dhahabu ya Beijing, ni mtoto wa Augsburg. Mchezo na inchi viliingia Olimpiki mwaka mmoja, vikakutana jukwaani miaka 36 baadaye.

Medali ya nani?

Baada ya furaha, maneno yakaanza. Wengine walisema hii ni medali ya Ufaransa iliyovaa nguo ya Togo: mchezaji amezaliwa Ufaransa, amefundishwa Ufaransa, anaishi Ufaransa. Wengine wakajibu: baba ni Mtogo, bendera ni ya Togo, na katika kitabu cha Olimpiki imeandikwa Togo.

Sisi wa Kongo hatuna haki ya kuwacheka. Swali hilo tunalo kila siku katika mpira. Cédric Bakambu alizaliwa Ufaransa, akachezea timu za vijana za Ufaransa, kisha akachagua Leopards. Akifunga goli, nani ku Goma, ku Beni au ku Kalemie anauliza cheti chake cha kuzaliwa? Tunapiga kelele mpaka sauti inaisha. Lakini papo hapo Katiba yetu, katika kifungu cha 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauwezi kushikwa pamoja na mwingine. Mdomo mmoja unashangilia, mkono mwingine unafunga mlango.

Kijana aliyezaliwa Bruxelles au Paris kwa baba wa Bukavu, anayejua kuogelea, kupiga kayaki au kuruka, akitaka kuvaa rangi zetu bila kuacha maisha aliyojenga kule, sheria inamwambia nini? Inamwambia achague. Togo ilimpokea Boukpeti akiwa na sura zote mbili, na medali ikaandikwa kwa jina la Togo. Mjadala wa uraia ni mkubwa, unagusa mambo mazito ya inchi yetu, na hasa huku mashariki neno uraia limeshamwaga damu. Hatuwezi kuumaliza katika habari ya michezo. Lakini mchezo unaonyesha sehemu moja ya bei yake.

Hata hivyo, Togo nayo ina somo la kujiuliza. Toka 2008 mpaka Paris 2024 haijapata medali nyingine. Mtoto wa inje anaweza kukuletea medali. Hawezi kukujengea mchezo peke yake.

Baada ya Beijing

Boukpeti aliendelea. Alirudi katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012, akiwa na miaka 31 hivi, kwa bendera ileile. Safari hiyo hakupanda jukwaani. Lakini hakuwa tena peke yake katika njia aliyoifungua. Ku London pia alikuwepo Jonathan Akinyemi, aliyezaliwa Uingereza na kuwakilisha Naijeria katika kayaki. Kisha, ku Rio mwaka wa 2016, Jean-Pierre Bourhis akaiwakilisha Senegal katika kanoe. Wote ni watoto wa pande mbili, waliojifunza Ulaya na kubeba bendera za Afrika.

Na hapo karibu na sisi? Ku Uganda, mto Nile pale Jinja umevutia wapiga kayaki kutoka dunia nzima, ingawa maporomoko maarufu ya Bujagali yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme. Ku Kenya, pale Sagana kwenye mto Tana, vijana wa kijiji wamejifunza kayaki kwa kufanya kazi na watalii. Hiyo ni njia nyingine: mchezo unaanza kama kazi ya kulisha nyumba.

Na sisi, watu wa maji?

Turudi nyumbani. Maji tunayo kupita kiasi. Mto Rusizi unatoka ziwa Kivu na kushuka mpaka Tanganyika, mteremko wa karibu mita 700, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko katika kilomita za kwanza. Ku Kisangani, Wagenia wanasimamisha miti katikati ya maporomoko, wanafunga vitega vya samaki, na kati ya miti hiyo wanapita na pirogi mahali ambapo mgeni angefunga macho. Ku Idjwi, mtoto anajua kasia kabla ya kujua kalamu. Kama ni kipaji cha kusoma maji, hatuombi kwa mtu.

Hata ile medali yenyewe inatukumbusha kitu. Shaba inayoitwa bronzi inatengenezwa kwa kuchanganya shaba na bati. Shaba inachimbwa Katanga, mkoa ambao zamani tuliuita hata Shaba. Bati inatoka katika kasiterite ya Kivu, Maniema na Tanganyika. Tunatoa vitu vyote viwili kila siku, lakini katika shingo ya mchezaji wetu havijawahi kurudi vikiwa medali.

Kinachokosekana ni nini? Milango ya slalomu si mali ya tajiri: ni fimbo na kamba. Kayaki ni ghali, kweli, na mwalimu anahitaji kulipwa. Lakini kinachokosekana kwanza ni kitu cha chini zaidi. Mkumbuke tulisema katika slalomu hakuna anayeingia majini bila jile. Mtoto wa Toulouse siku ya kwanza ya mazoezi anavalishwa jile na kofia, anafundishwa kupinduka na kurudi juu. Mtoto wa kwetu siku ya kwanza anapewa kibido kilichokatwa cha kumwagia maji inje ya pirogi.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, hapo Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea ndugu zao. Ilikuwa imejaa kupita kiasi. Wengi walikufa. Hatuhitaji kurudilia namna familia zilivyolia. Ila ni lazima kusema: kati ya mchezo wa Boukpeti na safari ya mama anayepeleka ndizi sokoni kwa boti, tofauti ya kwanza si kipaji, ni ile jile.

Na hata mwenye ujuzi wote, mto una sheria zake. Mwaka wa 2010, Hendri Coetzee, Muafrika kusini aliyejulikana sana kwa kushuka mito mikubwa ya Afrika kwa kayaki, aliuawa na mamba hapa kwetu, kwenye mto Lukuga, unaotoka Tanganyika pale Kalemie. Kwa hiyo tusidanganyane: si kila maji ni ya kuchezea, na kijana asisome habari hii akaenda kujirusha katika Rusizi.

Lakini shule iliyo pembeni ya ziwa inaweza kuanza na kidogo: kufundisha watoto kuogelea mahali penye usalama, kuwavalisha jile, kupanga mashindano ya pirogi siku ya sikukuu chini ya macho ya watu wazima wanaojua maji. Hapo huenda hakutatoka bingwa. Lakini watatoka watoto wanaojua kurudi juu wakipinduka. Na kama siku moja kutatoka bingwa, atatoka katika hao.

Tarehe za kukumbuka

1972: Slalomu ya kayaki na kanoe inaingia Olimpiki mara ya kwanza, Augsburg. Togo inashiriki Olimpiki mara ya kwanza.
1981: Benjamin Boukpeti anazaliwa Lagny-sur-Marne, Ufaransa.
1992: Slalomu inarudi katika Olimpiki, Barcelona, na toka hapo imebaki.
2004: Boukpeti anaiwakilisha Togo Athens, anafika nusu-fainali.
2008: Tarehe 12 mwezi wa nane, Beijing, anapata shaba katika kayaki ya mtu mmoja. Ni medali ya kwanza ya Togo katika Olimpiki.
2012: Anashiriki tena, London.
2024: Baada ya Paris, medali yake inabaki ya pekee kwa Togo. Kongo yetu bado inangoja ya kwanza.